Simu ya Nne

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nakula, nalala, na mtoto anacheza tumboni kama aliyelipwa. Aliyeniharibia siku ni daktari. Anasema presha imepanda, nisisafiri, nisibebe hata ndoo, nilalie ubavu wa kushoto. Kwa hiyo ile safari ya kuja kujifungulia nyumbani basi tena. Nimelia, nikanuna, nikalia tena. Mume wangu akaniambia, "Kama wewe huwezi kumfuata mama, tumlete mama hapa kwa kompyuta." Ndiyo maana kuna boksi linakuja.

Ndani utakuta mashine nyeusi yenye taa tatu, inaitwa modemu. Hiyo ndiyo italeta intaneti, tena kwa waya huohuo wa simu ya nyumbani. Utakuta kamera ndogo ya kubandika juu ya ile kompyuta niliyokuachia. Na utakuta vichujio vitatu, vidude vyeupe vidogo, kila kimoja kina mkia mfupi na matundu mawili. Mkia unaingia kwenye soketi ya ukutani. Tundu moja ni la simu, la pili ni la modemu.

Nakuandikia badala ya kukueleza Jumapili nikipiga, kwa sababu kwenye simu unasema "ndiyo, ndiyo, nimeelewa" na mimi najua kabisa hujaelewa, na hatujamaliza kusalimiana hela imekwisha. Karatasi utairudia.

La kushika ni moja tu. Waya wa simu sasa utabeba vitu viwili, sauti na intaneti, na kichujio ndicho kinachovitenganisha visigombane. Kwa hiyo kila simu iliyochomekwa popote ndani ya nyumba ipitie kwenye kichujio chake. Ikibaki hata moja bila kichujio, inavuruga kila kitu. Mimi nimekumbuka soketi tatu. Hebu hesabu uniambie.

Nataka mtoto akizaliwa umwone siku hiyohiyo. Sitaki umjue kwa picha ya posta wakati ameshaota meno.

Sisimizi wako

*

15 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba, mwanangu. Lalia huo ubavu wa kushoto na usijifanye shujaa. Boksi limefika. Nimelifungua kwa mkasi wa mapazia, nikatandaza kila kitu juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikakitazama, nacho kikanitazama.

Soketi ni tatu, hukukosea. Moja sebuleni, pale waya unapoingilia kutoka barabarani. Ya pili chumbani kwangu. Ya tatu karibu na cherehani, ile niliyowekewa ili wateja wakipiga nisikimbie nyumba nzima na pini mdomoni. Hizo ndizo soketi za nyumba hii. Upande wa pili wa ukuta si nyumba hii, na sina habari nao.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Nilijiambia, kichujio kimoja kikisafisha, vitatu vitasafisha zaidi, kama juisi unavyoichuja mara tatu usikute hata uzi. Nikachomeka cha kwanza kwenye soketi ya sebuleni, cha pili nikakichomeka kwenye cha kwanza, cha tatu kwenye cha pili, na modemu mwisho kabisa. Vinaning'inia ukutani kama mkufu. Taa ya kwanza ikawaka. Ya katikati inakonyeza tu. Ya tatu imelala fofofo. Simu ya sebuleni nimeogopa kuichomeka isivichafue, nimeiweka kwenye kochi, imekaa kama mgeni aliyesusa chakula. Na tena kuna jambo halinikai kichwani: miaka yote tumeongea bila kuchujwa na tulielewana vizuri. Huo uchafu ulikuwa unakwenda wapi?

Jumapili uliniuliza kama nimemwambia Mama Mkubwa wako kwamba una mimba. Sijamwambia. Tukikutana langoni yeye anatazama juu na mimi natazama mkoba wangu. Hajawahi kuniuliza habari zako tangu ukuta ulipojengwa, hata siku uliyoolewa. Mtu asiyeuliza sitamfuata na habari mkononi.

Niambie nifanye nini na huu mkufu.

Mama yako

*

26 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mume wangu akaja mbio akidhani uchungu umeanza. Vichujio havipangwi foleni, Mama. Kila simu na chake. Ukivipanga hivyo modemu haipati chochote, umeichuja mpaka ikakauka. Fungua huo mkufu. Kichujio kimoja sebuleni: tundu la kwanza simu, tundu la pili modemu. Kimoja chumbani, tundu moja simu, jingine acha wazi. Kimoja kwenye cherehani, vilevile. Kisha subiri. Taa ya katikati ikiacha kukonyeza na kutulia kijani, waya umekubali.

Kuhusu Mama Mkubwa sitabishana na wewe, presha haitaki. Najua yaliyotokea, ingawa mlikuwa mnanong'ona. Ulikwenda kushona kwenye kiwanda cha mbali ukaniacha kwake nikiwa mchanga. Uliporudi nilikuwa nimeshaanza shule na ninamwita Mama. Ukanichukua. Naye akasema, kama unachukua mtoto, chukua na nusu ya nyumba yako. Mkajenga ukuta katikati ya ukumbi wa babu, na mimi nikalala upande wako nikimsikia akikohoa upande wake.

Sina lawama, ulikuwa mama yangu na ulinitaka. Lakini namkumbuka. Mikono yake ilikuwa inanuka sabuni ya wodini, kwa sababu alikuwa akitoka kuzalisha anakuja moja kwa moja kunikagua miguu, kidole kwa kidole, kutafuta miiba. Nilifikiri mkunga yeyote akiambiwa kuna mimba atauliza walau imefikia wapi. Kama hataki kuuliza, basi. Imeniuma, ila basi.

Sisimizi

*

10 Machi

Sisimizi,

Imekubali! Nilifungua mkufu kama ulivyosema, kila simu nikaivika kichujio chake. Nikakaa kwenye kiti nikiikodolea macho ile taa, na chai ikapoa. Ikakonyeza, ikakonyeza, ikatulia kijani. Nilipiga vigelegele peke yangu. Hata ya tatu ikaamka.

Lakini furaha haikukaa. Jana ulipopiga, nilinyanyua mkonga wa sebuleni, nikakuitikia, na taa imetulia vizuri kabisa. Hujamaliza hata kusema habari za miguu yako, nikasikia "tik", mvumo ukaingia, na taa ya katikati ikazimika mbele ya macho yangu. Nikakuuliza wewe umefanya nini, ukaniuliza mimi nimefanya nini. Tulipokata, ikakaa kidogo, ikarudi kijani kama si yeye.

Na leo imerudia mara mbili bila wewe kupiga. Asubuhi nashona, hakuna anayegusa simu, taa ikazimika, ikarudi. Mchana tena. Nimechomoa simu ya chumbani, nikachomoa na ya cherehani. Imebaki ya sebuleni peke yake na kichujio chake, na bado taa inazimika inapotaka. Mwanangu, sioni mbele wala nyuma. Ama hii mashine uliuziwa mbovu, ama ina mambo yake.

Mama yako

*

10 Machi

Mama,

Shikamoo. Ule mvumo wa jana umenikosesha usingizi, kwa hiyo leo nimepigia kampuni ya simu ya huko mwenyewe, huduma kwa wateja. Nimezungushwa kwa watu wanne, kila mmoja ananitaka nianze upya. Wa mwisho, dada mmoja mpole, akaniuliza, "Taa inazimika mtu anaponyanyua simu?" Nikamwambia nadhani hivyo. Akasema basi jibu analo: kuna simu ndani ya nyumba haina kichujio. Mtu akinyanyua mkonga wa simu hiyo, intaneti inakatika na mvumo unaingia. Nikamwambia simu ni tatu na zote zina vichujio. Akasema, "Basi kuna ya nne."

Mama, kuna ya nne? Fikiria vizuri. Stoo? Kwenye kile kibanda cha nyuma?

Hata kama haionekani, usijali, nimeshaagiza. Fundi wao atakuja Ijumaa tarehe 11 Aprili. Atafungua soketi ya sebuleni na kukata nyaya zote zinazoendelea kwenda kwingine, itabaki simu moja na modemu basi. Chochote kilichojificha kitakufa. Utapoteza simu ya cherehani, samahani, lakini utatuona. Hapo mtoto atakuwa bado hajazaliwa, tuna nafasi.

Barua hii na yako najua zitapishana njiani. Ukiniuliza jambo ambalo nimeshajibu hapa, usinicheke.

Sisimizi

*

17 Machi

Kwa mtoto niliyemlea,

Anwani yako nimeisoma nyuma ya bahasha. Mtu wa posta hukosea mlango akaniletea mimi barua zako, nami huzitumbukiza kwenye sanduku la mama yako bila kuzifungua. Sijawahi kufungua barua ya mtu na siwezi kuanza uzeeni.

Naandika kulalamika. Tangu mama yako alipofunga hicho chombo chake, simu imeharibika. Kuna mvumo kama mafuta yanayokaangwa. Zamani nilikuwa nakusikia safi kabisa. Hata ukikohoa nilikuwa najua kikohozi ni cha kifua au cha koo. Sasa naokota neno moja, mawili yanapotea. Nimejaribu kunyanyua mkonga asubuhi na mchana, wakati hakuna anayeongea, nione kama mvumo umekwisha. Haujakwisha.

Jana ulimwambia mama yako miguu bado imevimba. Hilo nimelisikia. Ukasema kichwa kinauma. Nalo nimelisikia. Kisha ukasema habari ya macho, na hapo mvumo ukameza kila kitu, na mama yako badala ya kukuuliza vizuri akaanza habari za mapazia ya mteja wake. Sikulala. Naomba unijibu kwa maandishi yanayosomeka: ulisema unaona vimulimuli, au ulisema huoni? Kama unaona, weka barua hii chini uende hospitali sasa hivi. Daktari asipokusikiliza, kaa mlangoni kwake mpaka akusikilize. Mimi nimekaa upande wa pili wa milango hiyo miaka mingi, mwanamke anayekataa kuondoka huwa anapimwa.

Utaniuliza kwa nini sikusema palepale, mkonga nilikuwa nao sikioni. Nilifungua mdomo. Lakini nikikusemesha mama yako atajua kwamba nasikiliza, na akijua atakata waya. Waya ni wake, ndiye anayeulipia. Simu hii ni ile nyeusi ya baba yetu. Ilikuwa upande huu siku tulipojenga ukuta, na kwenye kugawana sufuria na viti hakuna aliyekumbuka kwamba waya unapita juu ya dari. Jumapili ya kwanza baada ya wewe kwenda mbali ilinililia hapa chumbani. Nikanyanyua nikidhani ni mtu wa hospitali. Nikasikia sauti yako. Nilipaswa kuweka chini.

Sikuweka, na tangu siku hiyo Jumapili sijapokea mgeni.

Mwambie mama yako aondoe hicho chombo. Lakini usimwambie ni mimi niliyesema. Sema wewe ndiye husikii vizuri.

Mama Mkubwa

*

24 Machi

Sisimizi,

Haya siwezi kukuambia kwenye simu, na ukisoma utajua kwa nini.

Nimepata barua yako ya fundi. Uliniuliza kama kuna simu ya nne, nami nilikaa na swali hilo wiki nzima nikilizunguka kama pindo lisilo na mwisho. Nilikuandikia soketi ni tatu, na sikusema uongo, ila nilihesabu mpaka kwenye ukuta nikaishia hapo. Simu nyeusi ya babu yako ilibaki kwa dada yangu. Niliamini aliitupa zamani. Ni mtu wa kutupa vitu, ana hasira.

Jana ulipopiga, sikukusikiliza wewe, niliiangalia taa. Ulisema "Shikamoo Mama", taa ipo. Nikasikia "tik". Taa ikazimika. Ukavuta pumzi kabla ya kunijibu, na katikati ya ule mvumo nikasikia saa inagonga. Nilidhani ni ya kwako. Kisha nikakumbuka ule mlio wake, ule wa kuchelewa kidogo na kukwaruza. Ni saa ya baba, Sisimizi. Iko ukutani upande wake.

Ndiyo maana nilikata simu ghafla nikasingizia mteja.

Kumbe ndiye. Kila Jumapili. Nilikuwa nakuambia hajawahi kuuliza habari zako, na nilikuwa nakuambia hivyo kwa furaha fulani, nisijisafishe. Kumbe hakuwa na haja ya kuuliza. Kazi unayoifanya anaijua, siku uliyogombana na mume wako anaijua, mimba aliijua siku ileile niliyoijua mimi. Nimekasirika. Nimejaribu kubaki nimekasirika, nikashona pazia zima nikiwa nimekasirika, kisha ile taa ikazimika tena katikati ya asubuhi, na hakuna aliyepiga. Alikuwa amenyanyua kusikiliza waya mtupu. Mwanangu, hasira ikanitoka, sijui imekwenda wapi.

Sasa nimekwama. Fundi akikata, mimi nitakuona wewe na mjukuu wangu, na yeye hatakusikia tena maishani mwake, wala hatajua kwa nini. Asipokata, mimi sitawaona, kwa sababu kila tukianza kuonana yeye atanyanyua mkonga na picha itakatika. Nilishamnyang'anya wewe mara moja. Mara ile nilikuwa na haki, wewe ulikuwa wangu. Hii sijui niiiteje.

Dada wa kampuni atasema dawa ni kichujio cha nne. Lakini hicho ni lazima mtu akipeleke, na mlango wake sijaubisha tangu mazishi ya mama. Nimefika mpaka langoni leo, nikajifanya natafuta mtu wa posta.

Usimwambie kwamba najua. Ataona haya, ataing'oa simu mwenyewe, namfahamu.

Mama yako

*

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko umepinda, naandika nimelala. Nimelazwa tangu wiki iliyopita. Vimulimuli vya macho vilirudi usiku na asubuhi tukaja hapa, wakaniwekea dawa, presha imeshuka, mtoto anapiga mateke. Wanasema nitabaki hapa mpaka nijifungue. Ndiyo maana Jumapili sikupiga, na hii sitapiga. Ijayo mume wangu ataniletea simu yake.

Barua mbili zimenifikia hapa kitandani. Moja ni yako. Ya pili ni ya Mama Mkubwa. Ndiyo, ameniandikia. Nilizisoma moja baada ya nyingine, kisha nikazirudia kwa kubadilisha zamu, nikawa sijui nacheka au nalia. Nesi akaja kunipima presha akaniambia niache kusoma.

Yeye ananiambia nisikuambie. Wewe unaniambia nisimwambie. Mimi nina mtoto tumboni, mrija mkononi, na siri mbili za watu wazima, na daktari amenikataza kubeba vitu vizito. Kwa hiyo nimefanya hivi: barua yake nimeiweka ndani ya bahasha hii, na ya kwako nimeiweka kwenye bahasha nyingine yenye jina lake. Mtanisamehe au mtaninunia, mtachagua wenyewe. Kama mtu wa posta atakosea mlango safari hii, hata sitajali.

Mume wangu amejaribu kumsimamisha fundi. Wamemwambia kazi imeshapangwa, atakuja tu Ijumaa, na atafanya atakachoambiwa na mwenye nyumba. Sikwambii umwambie nini. Miaka ile mlinigawa bila kuniuliza, na leo sitaki niwe mimi wa kuwagawa nyinyi.

Ila nakuomba jambo moja. Soma barua yake mpaka mwisho, pale anaposema kuhusu macho yangu. Wewe ulikuwa unasema habari za mapazia, Mama. Sikulaumu, hukusikia. Yeye naye hakusikia, ila alijua hakusikia.

Sisimizi

*

12 Aprili

Sisimizi,

Barua yako imefika juzi. Ya kwake ilifika siku hiyohiyo. Najua kwa sababu nilimwona akiichukua, akasimama kwenye sanduku akiisoma kwa miwani na bila miwani, akaingia ndani, na taa yangu haikuzimika tena. Siku nzima iliwaka kijani. Hujawahi kuona taa ya kijani inayotia huzuni namna hiyo. Nikajua ameogopa kugusa simu.

Jana fundi akaja. Kijana nadhifu, viatu amevua mlangoni. Akafungua soketi ya sebuleni, akashika waya wenye vumbi unaopanda darini, akauliza, "Mama, huu unakwenda wapi?" Nikamwambia, "Kwa dada yangu." Akauliza, "Nikate?" na koleo tayari liko mkononi. Nikamwambia, "Ukiukata nitakukata wewe. Kaa hapo."

Nikaenda chumbani, nikachomoa simu yangu, nikang'oa kichujio chake. Nikatoka nacho mkononi, nikapita barabarani na ndala za ndani, nikazunguka ukuta wote. Nikabisha hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?" Mtu anayenisikiliza kila Jumapili, hajui sauti yangu!

"Mdogo wako, Dada."

Akafungua kidogo, kiasi cha jicho moja. Barua yangu ilikuwa kwenye mfuko wa gauni lake, naiona inachungulia. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri njia nzima, yote yakaniruka. Nikasema, "Nimekuletea kichujio."

"Cha nini?"

"Cha simu."

"Sina simu."

Na simu ya baba iko nyuma yake, mwanangu, juu ya stuli, kaifunika kitambaa cha kufuma na mkonga umetokeza pembeni. Kando yake kiti kimoja, kimeangalia ukuta, mto wake umebonyea katikati. Nikautazama ule mto, nikashindwa kujizuia, nikaanza kulia palepale kizingitini na kidude cheupe mkononi. Nikamwambia, "Basi ni cha hiyo simu ambayo huna. Ukikiweka utamsikia vizuri."

Akapisha mlango. Hakusema karibu, lakini akapisha.

Tulipiga magoti wote wawili nyuma ya stuli, na magoti yetu si ya kupigwa tena. Akachomoa mkia wa simu, mimi nikachomeka kichujio, akachomeka simu kwenye kichujio. Akanyanyua mkonga, akasikiliza, akanipa nami nisikilize. Safi, hakuna mvumo hata kidogo. Akasema, "Mtoto alikuwa anaona vimulimuli, na wewe unaongea mapazia." Nikasema, "Najua, Dada." Akasema, "Basi." Nikangoja aendelee kunigombeza, hakuendelea. Akaniuliza kama nimekula.

Niliporudi fundi alikuwa bado amekaa, ananisubiri kwa adabu. Nikamweleza nimetoa kichujio cha chumbani nikakipeleka kwa dada. Akafungua mkoba wake, akasema, "Mama, mbona vya ziada ninavyo hapa?" Alikuwa navyo kumi. Nikamwambia angelisema mapema ningemtuma yeye, kwa hiyo ahsante kwa kukaa kimya.

Mama yako

*

29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mjukuu wenu, bibi mdogo, amelala, nami nimeiba muda wa kuandika. Bado nawaona kwenye ile skrini siku aliyozaliwa: wewe nusu ya uso, Mama Mkubwa paji la uso tu, mnasukumana mbele ya kamera kama wanafunzi kwenye picha ya shule. Picha haikukatika hata mara moja. Mama Mkubwa alipomwambia mume wangu amfunue mtoto miguu ili ahesabu vidole, nesi wa huku aliuliza huyo ni daktari gani.

Jambo moja tu sielewi. Jumapili nikipiga simu, kabla hujaniitikia hata salamu, nakusikia unasema, "Dada, upo?" Yeye yupo siku zote, Mama. Sote tunajua yupo. Sasa unauliza nini?

Sisimizi

*

8 Mei

Sisimizi wangu,

Marahaba, na mbusu bibi mdogo kwenye nyayo zote mbili, ni agizo kutoka upande wa pili.

Ukuta uko palepale, usije ukafikiri tumekuwa malaika. Juzi tumegombana kuhusu kamera, yeye anasema naishika vibaya. Akaondoka kwa hasira, akazunguka barabarani mpaka kwake, na jioni akarudi kwa njia ileile ndefu akiwa bado amenuna, kwa sababu ulikuwa muda wa kumwona mtoto akiogeshwa.

Umeniuliza kwa nini namwita. Nitakueleza, nawe utaona si uzee. Zamani, wiki zile za kuchanganyikiwa, taa ilikuwa inaniambia. Ikizimika, najua dada amenyanyua mkonga. Ikirudi, najua ameweka chini. Sasa ana kichujio. Ananyanyua, anaweka, taa imetulia tu kijani, wala mvumo hausikiki, hata ile "tik" siisikii tena. Kimechuja vizuri mno. Siwezi tena kujua kama yuko nasi mpaka nimuulize.

Kwa hiyo namuuliza. Nasema, "Dada, upo?" Unajua mwenyewe anavyochelewa kidogo, na saa ya baba inavyokwaruza pale katikati. Kisha anasema, "Nipo."

Mama yako